Chumvi Niliyoachiwa Mikelenge

Kabla hujasema huyu naye ana uongo wake, nisikilize kwanza. Sikuwa nimelewa, pombe sinywi. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimekula nikashiba, na giza lilikuwa halijaingia. Yalinipata mimi mwenyewe, huko Kindu, Maniema, ndani ya Kongo. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nakuomba ucheke ukishafika mwisho.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nimesoma sekondari, sikwenda mbali zaidi ya hapo, na umri wangu umeshavuka arobaini. Mama yangu alikuwa na meza sokoni: dagaa, vitunguu, na chumvi ya Uvinza, ile ya kijivu yenye punje kubwa. Nilikulia chini ya meza ile. Alipotaka kwenda kuswali aliniambia, "Baba, niangalizie," nami nilipanda juu ya ndoo nikawa mwenye biashara mpaka arudi. Alipofariki, meza ikachukuliwa na watu wengine, na tangu hapo sikai mahali. Nimezunguka Bujumbura, Mpulungu, Lubumbashi. Nikifika mji mgeni sitafuti kwanza chumba. Natafuta soko. Naingia duka hili natoka, nashika kitambaa, nanusa samaki, nauliza bei ya kitu nisichokihitaji. Watu wakiniuliza natafuta nini, nasema natazama biashara. Unadhani ni kweli? Hata mimi najua si kweli.

Kindu nilikwenda kwa sababu bibi yangu, mama yake mama, asili yake ilikuwa Maniema. Alikuwa akilitaja jina la mto Lualaba kama mtu anavyomtaja ndugu yake. Basi nikavuka ziwa hadi Kalemie, nikangoja treni. Siku ya kwanza ikaahirishwa, ya pili ikaahirishwa, na ilipokuja nilikuta watu wameijaza mpaka juu. Nililala juu ya magunia. Treni ile haina haraka na mtu: inasimama porini, watu wanashuka, wanakoka moto, wanapika, wanafua, nguo zinakauka, ndipo inapiga honi na kila mmoja anakimbia na sufuria yake. Tukapita Kabalo, tukapita Kongolo, mvua ikatunyea, jua likatukausha. Nilipofika Kindu nilikuwa na vumbi hadi ndani ya masikio, na niamini, nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata kwa muda mrefu.

Nikapanga chumba Mikelenge, ua mmoja na mama mmoja kijana aliyepika chakula cha kuuza. Jina lake Zawadi. Umri wake kama miaka thelathini, mikono mikubwa ya mtu wa kusonga ugali, na mdomo usiomwogopa mtu. Mimi alinipa jina la Papa Kigoma.

"Papa Kigoma, leo umetembea soko gani?"

"La hapa hapa Mikelenge."

"Umenunua nini?"

"Sijanunua kitu."

"Kila siku sijanunua, sijanunua! Watasema uko mupelelezi. Mupelelezi gani anapeleleza sombe na mawese?" Wateja wake walicheka, nami nikacheka nao, nikala sombe yake, kile tunachokiita kisamvu. Alipika vizuri, ila kwa chumvi alikuwa na mkono mzito. Nilipomwambia, alijibu, "Muntu aliyekulia njaa ya chumvi hapimi." Sikumwelewa. Nilidhani ni maneno tu.

Soko la Mikelenge si kubwa, lakini limebanana. Maduka yanatazamana, milango yote imefunikwa na vitu vinavyoning'inia: madumu, vitenge, sandali, tochi za jua, masufuria yaliyofungwa pamoja kama samaki. Mbele ya maduka, wauza vitu vya chini: mchele, muhogo, viwavi vilivyokaushwa, sabuni za vipande. Ukitaka kupita unageuza bega. Mtu akiweka mguu, mwingine anaweka kikapu. Hapakuwa na nafasi ya kutupa ganda la karanga.

Isipokuwa mahali pamoja. Kati ya meza ya samaki ya Papa Amisi na mama mmoja muuza sabuni palikuwa na pengo lenye upana wa mkeka. Ardhi tupu. Hakuna aliyeweka kitu. Watu waliobeba mizigo kichwani walipofika hapo walizunguka. Mimi, mtoto wa sokoni, pengo kama lile haliwezi kunipita. Mahali pa kuuzia panagombewa kwa ngumi. Hapa pamekosa mtu?

Nikamuuliza Papa Amisi. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, mtani, hauzi samaki bila kukutukana kidogo.

"Papa Amisi, hapa pana mwenyewe?"

"Iko na mwenyewe."

"Mbona haji?"

Aliacha kupepea inzi. "Wewe unakuja kununua samaki ao kununua maulizo? Samaki njo hii. Maulizo siuzi."

Nikaenda zangu. Mgeni ni mgeni.

Sasa sikiliza jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa jioni, saa ile ambayo soko linagawanyika: wengine wanafunga, wengine wanawasha taa zao. Papa Amisi alikuwa amefunika samaki wake kwa turubai na kwenda msikitini kuswali magharibi. Muuza sabuni alikuwa ameshakwenda. Nilikuwa natoka duka la vitenge, mikono mitupu kama kawaida yangu, nikaona pengo limepata mtu.

Mwanamke alikuwa amekaa chini, miguu kaikunja upande, mbele yake kitenge kimetandazwa, na juu ya kitenge kilima cha chumvi. Chumvi ya kijivu, punje kubwa. Ya kwetu! Moyo wangu uliruka. Nikainama, nikachukua punje nikaisugua kwa vidole, na harufu ya meza ya mama ikanijia, naapa, kama mtu amefungua mlango.

Jambo moja lilinigusa, nami nikalipuuza. Mama yangu alinifundisha kwamba chumvi haiuzwi jua likishazama. Hata jina lake halitajwi. Akija mtu kuomba jioni, anaambiwa arudi asubuhi. Lakini nikajiambia, kila nchi na desturi yake. Huo ndio ujinga wa msafiri: kila kisicho cha kawaida anakiita desturi ya wenyeji.

"Chumvi hii imetoka Uvinza?" nikauliza.

"Imetoka mbali," akasema. Alikuwa anapima kwa kifuniko cha chupa ya soda. Kifuniko! Nikatabasamu, maana chumvi siku hizi inauzwa kwa pakiti, tena bei rahisi. Nani anaipima kama dhahabu? Hakutabasamu. Alikuwa anageuza kichwa mara kwa mara kuelekea upande wa reli, kama mtu anayesikia kitu. Mimi nilisikia redio ya kinyozi na pikipiki tu.

Akasema, "Papa, unafanana muntu anayejua soko."

"Nimezaliwa humo."

"Basi uniangalilie biashara kidogo. Ninaenda kuchukua mutoto kwa yaya yangu, pale karibu na reli. Sitachelewa."

Yaya, kwao, ni dada mkubwa. Wewe ungekataa? Popote sokoni maneno hayo yanasemwa kila siku, na hakuna mtu mwenye adabu anayekataa. Jirani anakwenda kuswali, unamwangalizia. Anakwenda kunyonyesha, unamwangalizia. Na ukishakubali, huondoki mpaka mwenyewe arudi. Hata mvua ije, unalowa nayo. Mimi maneno yale sikuwa nimeambiwa tangu mama afe. Nikasema, "Nenda, mama, usiwe na wasiwasi."

Akaniwekea kile kifuniko kiganjani. Kilikuwa cha baridi, baridi ya kitu kilichotoka kisimani. Akaamka akaenda upesi, na nilimwona akipita kati ya watu. Yeye hakugeuza bega. Watu hawakumpisha. Alipita tu.

Nikakaa. Na hapa nitasema ukweli: nilijisikia vizuri. Mgongo wangu ulilegea. Nilisema moyoni, nimefika.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamume aliyebeba shati lililokunjwa. Aliliweka mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Zawadi, leo ndege imekuja?"

Nikacheka. "Mimi si Mama Zawadi, kaka. Mwenyewe ametoka kidogo."

Hakunisikia. Alinyoosha karatasi aliyoikunja kama koni. Mkono wangu, mkono wangu mimi, ukachota chumvi kwa kifuniko, ukasawazisha juu kwa kidole gumba, ukamimina. Sikuuamuru. Akaondoka, shati akaliacha.

Mwanamke akaja na kitenge kipya, bado kina gundi ya dukani. "Mama Zawadi, hii ilikuwa ya ndoa ya binti yangu. Unipe viwili." Mkono wangu ukapima. Mwingine akaja na kiatu kimoja cha mtoto. Mwingine na pete. Nilitaka kumwambia yule wa pete, chukua pete yako, chumvi ni rahisi, iko dukani hapo nyuma. Nikageuka kumwonyesha duka.

Duka lilikuwa limefungwa kwa mbao. Yote yalikuwa yamefungwa. Hakuna dumu lililoning'inia, hakuna tochi, hakuna redio ya kinyozi. Mchele haukuwapo. Mbele ya wauzaji palikuwa na vitu vya kuaibisha: majani, mizizi, kipande cha sabuni kilichokatwa kidogo kama jino. Na watu! Soko lilikuwa limejaa kuliko nilivyowahi kuliona, wamebanana bega kwa bega, na hakuna aliyepiga kelele. Umewahi kusikia soko lililojaa na halina kelele? Shingo zao zilikuwa nyembamba. Nywele za watoto zilikuwa nyekundu. Na wote, wote, walikuwa kila mara wanageuza kichwa upande wa reli.

Sasa hata mimi nilisikia. Mbali, kama mtu anayepasua kuni kavu.

Nikataka kuamka. Miguu ilikataa. Haikuwa na ganzi, haikufungwa. Ilikataa jinsi mtoto aliyeambiwa kaa hapa anavyokataa kuondoka. Nilikuwa nimekubali. Nilisema nenda usiwe na wasiwasi, na mwenyewe hajarudi. Unaelewa? Mimi ndiye niliyejifunga.

Nikasema moyoni, basi niuze, chumvi ikiisha biashara imekwisha, nitakwenda zangu. Nikapima haraka. Karatasi baada ya karatasi, koni baada ya koni. Nyuma yangu nguo zilipanda hadi begani. Nikakitazama kile kilima cha chumvi. Kilikuwa vile vile. Hata punje haikupungua. Na kila nilipojibu mteja, sauti yangu ilikuwa inapanda, inakuwa nyembamba, inakuwa ya mwanamke. Jina langu nililitafuta kichwani nikaona linakwenda mbali, kama mtu aliyeshuka kituo cha nyuma wakati treni inaondoka.

Ndipo akaja bibi mmoja. Mkononi hakuwa na kitu. Aliinama mbele yangu, akafungua kiganja.

"Mama Zawadi, sina kintu. Unipe matabishi tu."

Matabishi, huko Kongo, ni kile anachoongeza muuzaji juu ya kipimo, cha bure, cha kumfurahisha mteja. Sisi twaita nyongeza. Watu waliokuwa nyuma yake wakanong'ona, mmoja akasema kwa ukali, "Bibi, unaota? Nani anatoa matabishi ya chumvi leo?" Lakini mama yangu hakuwahi kumwacha mtu aondoke bila nyongeza, hata mtoto aliyetumwa kitunguu kimoja. Hiyo kumbukumbu ilikuwa yangu. Niliishika. Nikaweka kifuniko pembeni, nikachota chumvi kwa vidole vyangu, nikamtia bibi kiganjani.

Kilima kikapungua.

Nilikiona kwa macho yangu. Kikaingia ndani upande mmoja, pengo la vidole vitatu. Kumbe ya kuuza haiishi. Ya kutoa inaisha. Nikaanza kugawa. Nilichota kwa mikono miwili. "Chukueni! Matabishi! Shika, papa! Shika, mama!" Wakanisonga, viganja vikawa vingi kama majani, vyote vya baridi, na milio ya kuni kavu sasa ilikuwa karibu, nyuma tu ya maduka. Chumvi ikashuka. Nikaanza kuiona rangi ya kitenge chini yake.

Katikati ya viganja vile nikaona uso ninaoujua. Zawadi. Zawadi wangu wa sombe, na kikapu cha vitunguu mkononi, amesimama, ameshangaa, mdomo wake unasema kitu nisichokisikia. Na papo hapo maneno yakanipanda kooni, matamu, tayari: *Zawadi, uniangalilie kidogo.* Yalikuwa ulimini. Nilijua nikiyasema nitaamka. Miguu yangu itakuwa yangu. Jina langu litarudi. Yeye atakaa, kwa sababu ni mtu wa adabu, na hatakataa.

Umati ulijua pia. Wote waligeuka kumtazama. Wakaanza kusema pamoja, kwa upole, "Mutoto njo huyu. Mupe mutoto. Mupe mutoto fasi yake."

Niliuma ulimi. Niliuuma hadi ukatoka damu, alama yake ninayo. Ilikuwa imebaki chumvi ya kiganja kimoja. Viganja vyote vilikuwa vimerudi nyuma, havitaki tena; walimwachia Zawadi. Naye alikuwa ananyoosha mkono. Baadaye aliniambia alikuwa ananyoosha kunishika, aniamshe. Mimi niliona mkono uliofunguliwa, unaongoja. Nikaikusanya chumvi ile ya mwisho, yote, nikaitia kinywani mwangu, nikameza.

Redio ya kinyozi ikalia masikioni.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye ardhi tupu. Taa za tochi zilikuwa zinawaka pande zote, madumu yananing'inia, watu wamenizunguka na kucheka wamesahau. Papa Amisi, aliyetoka msikitini, alikuwa amenishika bega moja, Zawadi jingine. Mbele yangu palikuwa na shimo. Nilikuwa nimechimba kwa kucha, nikigawa udongo hewani. Nikatema: udongo mweusi na damu. Lakini ladha, niamini, ilikuwa chumvi.

"Nilikuambia iko na mwenyewe," Papa Amisi akasema. "Nani alikudanganya kwetu tunauza chumvi saa ya magharibi?"

Zawadi hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kiganja changu. Kile kifuniko, nilichokiweka pembeni, kilikuwa kimerudi humo, kimeliwa na kutu, kingo zake zimegongwagongwa zikalala. Alikichukua taratibu. Akapitisha kidole kwenye kingo.

"Umekitoa wapi?"

"Alinipa mwanamke. Alisema nimwangalizie."

"Kingo hizi aligonga mama kwa jiwe," akasema, "kusudi zisinikate vidole. Nilikuwa ninachezea." Halafu akakaa chini pale pale, vitunguu vikamwagika.

Ni Papa Amisi aliyenieleza, nikiwa nakunywa maji kwenye meza yake. Wakati wa vita mji ulizingirwa. Mashambani huwezi kwenda, treni haiji, na chumvi ilifika kwa ndege, ndege ikipenda. Watu walibadilisha nguo za mwilini kwa kifuniko kimoja. Mama Zawadi aliuza pale kwenye pengo. Siku moja jioni risasi zikaanza upande wa reli, akaamka mbio, akamwachia Papa Amisi biashara. "Alisema neno, sikusikia. Kelele. Nilikaa na chumvi yake mpaka soko likawa tupu, halafu nikaibeba nyumbani. Hakurudi." Mwili haukupatikana. Na watu, unawajua watu, wakapata la kusema. Walisema alipanda ndege na mwanaume. Walisema alichoka njaa akaenda zake, akamwacha mtoto kwa dada yake kama mzigo uliosahauliwa kituoni. Zawadi amekua na maneno hayo. Shuleni aliitwa mtoto wa ndege.

Alikuwa anasikiliza, kichwa chini. Kisha akauliza, polepole, na hakuwa na ule mdomo wake wa kila siku:

"Papa Kigoma. Alikuambia anaenda wapi?"

Hapo nilielewa kwamba chote nilichobeba kutoka upande ule, chote, ni sentensi moja, na mwenyewe ni huyu.

"Alisema, ninaenda kuchukua mutoto kwa yaya yangu, karibu na reli. Sitachelewa."

Zawadi hakulia. Alikaa na kifuniko kiganjani, akakifumbata. Papa Amisi ndiye aliyelia, mzee wa watu, akijifuta kwa kofia yake, akisema, "Njo hilo neno. Njo hilo neno nililokosa kusikia."

Ningependa kuishia hapo. Lakini sikukuahidi hadithi nzuri, nilikuahidi kweli.

Kesho yake asubuhi Zawadi hakupika. Alichukua kitenge, akaenda kukitandaza kwenye lile pengo. Soko zima liligeuka kumtazama. Muuza sabuni akahamisha vitu vyake. Zawadi akapanga maandazi na vitunguu, na pembeni, pakiti za chumvi. Alikaa mchana wote. Jioni wengine walipofunga, hakufunga.

Nikamfuata. Nikamwambia, "Mwanangu, toka hapo. Wewe hukuwaona. Mimi niliwaona. Walikuwa wanakutaka wewe."

Akanitazama kwa utulivu ulionitisha kuliko umati ule wote. "Papa Kigoma, muntu aliyekufa akikufuata kukuchukua mikononi, kusudi usisikie risasi, huyo unamukimbia?"

"Mtu aliyekufa anakuchukua wapi, Zawadi?"

Aligeuza kichwa kidogo upande wa reli.

Nilikaa siku chache zaidi, nikila kwa watu wengine, lakini chakula kilikuwa kimeniharibikia. Kila kitu kilikuwa chumvi. Chai, ndizi, maji ya mvua. Hata leo ninavyoandika, mate yangu ni chumvi. Nimekwenda kwa madaktari wakanipima damu wakasema mzima. Nikipika, nasahau kabisa kutia chumvi, maana naisikia tayari, na wageni wangu wanasukuma sahani. Na soko? Mimi niliyekuwa siwezi kuuona mji bila kuingia soko lake, sasa nanunua dukani, mchana, natoka. Sitembei tena. Nimekaa Kigoma. Labda ndicho nilichokuwa natafuta, kukaa. Ila bei yake sikuiuliza.

Kwa hiyo wewe unayependa kuzurura masoko ya watu, nikwambie. Ukiona pengo mahali pasipokuwa na nafasi, usiulize limekosa nini, zunguka kama wenyeji wanavyozunguka. Ukiombwa umwangalizie mtu biashara, mwangalie kwanza miguu akipita kati ya watu. Na kama umeshakubali, umeshakaa, na akaja mbele yako mtu unayemjua, uma ulimi wako. Uume mpaka utoke damu.

Siku niliyoondoka niliamua kutorudi kwa treni, maana kituo kiko upande ule. Nikachagua kuvuka mto hadi Alunguli, nipate pikipiki ya kwenda Kalima na Bukavu. Zawadi alinisindikiza hadi ukingoni. Alinibebea mkoba, akanifungia maandazi, akanitania kidogo, "Safari hii angalau umenunua kintu?" Nilicheka. Alikuwa amependeza, amefunga kitambaa kipya kichwani, na shingoni, kwenye uzi, kilining'inia kile kifuniko.

Nikaingia mtumbwini, tukasukumwa. Mpiga kasia alikuwa anaimba kwa pua. Tulipokuwa mbali kidogo nikageuka nimpungie mkono. Zawadi alikuwa amesimama peke yake juu ya ukingo, mdomo ameufunga, mkono juu. Na hapo sikioni mwangu, karibu kama mtu aliyekaa nyuma yangu mtumbwini, sauti ya mwanamke ikasema kwa adabu, jinsi mwenye biashara anavyosema akirudi:

"Aksanti, papa, kwa kuniangalilia."

Mpiga kasia aliacha kuimba. Kule ukingoni Zawadi alishusha mkono wake taratibu, akaunyoosha pembeni, chini kidogo, jinsi mtoto anavyounyoosha kumpa mtu mzima aushike. Nilitazama ng'ambo, Alunguli, na sikugeuka tena mpaka mtumbwi ukagusa mchanga.